Mchanga wa Lundo la Tatu

Ak-Topurak, 16 Februari 2003

Mkaza mwanangu Jazgul,

Tuko hai. Theluji imefika dirishani, ng'ombe amekauka maziwa, na mumeo hajaandika neno kutoka Urusi tangu mwezi wa kumi na moja. Akikuandikia wewe kwanza usimjibu mpaka aniandikie mimi. Nimemzaa mimi, siyo wewe.

Begimai mzima. Anakula kama fundi mjenzi. Viatu vyekundu vimefika, akaniuliza, "Mama, nani kavileta?" Nikamwambia ni Dada Jazgul wa mjini. Akavivaa, akatembea mpaka mlangoni, akarudi. "Mwambie Dada Jazgul vinabana." Basi nimekwambia. Leta vikubwa.

Sasa sikia. Nimekuwa mtu wa serikali. Waliletwa watu wa wilaya na kijana mmoja wa mji mkuu mwenye tai, kwa ajili ya Lundo la Tatu, lile la ukingoni mwa mto. Wanasema mlima ulio juu yake unateleza. Ukianguka wakati theluji inayeyuka, utazisukuma taka zote za mgodi wa urani mtoni, na bondeni kote watu watakunywa urani na chai yao. Kwa hiyo serikali itakuja na malori iyachukue yale mavumbi, iyazike mbali juu kwenye mwamba. Ilitakiwa mama mmoja aseme kwa niaba ya wanawake. Kenjekan alijitokeza, lakini yule akiongea ni kama ana mkate mdomoni. Wakanichagua mimi.

Kijana wa tai akasema, "Nyanya, lakini wewe hujasoma."

Nikamwambia, "Mwanangu, wewe umesoma, na umekuja kwenye theluji yetu na viatu vya harusi. Kaa unywe chai, tutajua mjinga nani."

Watu walicheka, hata yeye. Nikatia sahihi kwamba wanawake tumeshirikishwa, tumekubali, na kwamba majumbani kwetu hakuna tatizo, taka zote ziko lundoni. Nimeandika jina langu zima, siyo dole gumba.

Mkono umechoka. Unajua mimi herufi nilizipata kwa kumsimamia mumeo na fimbo akifanya kazi za shule. Nikikosea mahali, kosa ni lake.

Mama yako,
Kalbubu


Bishkek, 2 Machi 2003

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, na namuomba Mungu akuzidishie afya. Tumefurahi ofisini kwetu hapa serikalini kusikia kwamba umechaguliwa. Sikusema kwamba ni mama mkwe wangu, lakini nilipopiga chapa jina lako kwenye taarifa, nilitabasamu.

Mama, nina ombi, na naomba usinikasirikie. Nilikuwa nafikiri Begimai aje kwangu kwa miezi miwili hivi. Kuna daktari mzuri wa watoto karibu na ninapokaa. Hewa ya huku si baridi sana. Na ni muda sasa sijamwona.

Kama itashindikana, basi naomba jambo dogo tu: asilale kile chumba cha jiko. Alale chumba cha wageni, au kwa Kenjekan, hata wiki chache.

Na nilitaka kuuliza, kwa kupenda kujua tu: ule ukuta mweupe wa chumba cha jiko, mchanga wake uliutoa wapi?

Mkaza mwanao mtiifu,
Jazgul


Ak-Topurak, 13 Machi 2003

Jazgul,

Nimeisoma barua yako mara tatu kwa sababu mara ya kwanza nilidhani macho yangu yameharibika.

Mtoto wa kwanza ni wa bibi. Hilo sikulitunga mimi. Mimi mwenyewe wangu wa kwanza alilelewa na mama mkwe wangu, akamwita yeye mama, mimi akaniita kwa jina, nikameza nikanyamaza. Wewe ulimleta Begimai akiwa na siku arobaini. Ulimweka kwenye pindo la gauni langu, watu wa mtaa mzima wanaona, ukasema, "Mama, huyu wako." Nilikushika mkono? Nilikuburuta? Leo miaka minne imepita, amejua kusema, amejua kucheka, sasa unamtaka umpeleke kwa daktari. Daktari wa nini? Hana ugonjwa wowote.

Na ukuta wangu una nini? Ndio huo umekuchukiza sasa? Kama unataka kujua, nitakwambia, siibi. Mchanga ni wa Lundo la Tatu. Nani hajui? Ndio mchanga mzuri kuliko wote bonde hili. Umesagwa na mitambo, umechekechwa, hauna kokoto hata moja, mweupe kama unga. Ukiuchanganya na udongo na manyoya ya farasi haupasuki hata miaka kumi. Niliubeba mwenyewe, ndoo ishirini na mbili, wiki ile kabla ya sherehe ya kumkata Begimai kamba za miguu ili aanze kutembea. Nilitaka siku hiyo asimame mbele ya ukuta ambao hakuna mtoto mwingine Ak-Topurak anao. Kenjekan alikuja akaupapasa, akaona wivu, kesho yake naye akaenda na ndoo.

Na hapo ndipo analala, mgongo ukutani, kwa sababu jiko liko upande wa pili na ukuta unashika joto. Hajawahi kusikia baridi hata siku moja tangu umlete. Wewe huko mjini utampa nini zaidi ya hicho?

Usiniandikie tena habari hii.

Kalbubu


Bishkek, 22 Machi 2003

Mama,

Barua hii nimempa Zuura wa huko kijijini, anayeuza njugu za jozi sokoni huku. Nimemwambia aishone ndani ya mto wa kulalia, akukabidhi mkononi. Siipitishi posta. Ukishaisoma ichome.

Nimekudanganya. Si kwamba nimemkumbuka tu. Ninaogopa, Mama.

Unawakumbuka wale wageni watatu wa vuli iliyopita, waliokunywa chai kwako na kukaa kwenye chumba cha jiko? Mmoja aliweka mkoba wake ukutani. Ndani ya mkoba kulikuwa na kipimo cha mionzi. Waliingia nyumba nyingi kwa namna hiyo. Orodha yao ilifika ofisini Januari, nikapewa mimi niipige chapa. Nyumba thelathini na moja. Ya kumi na nne ilikuwa yako. Namba iliyoandikwa mbele yake ni kubwa kuliko ile ya juu ya lundo lenyewe pale penye uzio. Nilidhani nimekosea kuandika. Nikaangalia tena karatasi yao. Sikuwa nimekosea.

Nilimuuliza bosi wangu hizi nyumba zitafanywaje. Akasema orodha haitoki, watu wataingiwa na hofu. Halafu akasema fedha zilizopo zinatosha lundo tu, tukianza kuhesabu kuta za watu hatutamaliza. Akanionyesha karatasi iliyosainiwa kijijini: majumbani hakuna tatizo. "Wenyewe wamesema," akaniambia. Ilikuwa sahihi yako, Mama.

Nimesaini kiapo cha kutunza siri. Nikijulikana nimeandika haya nitafukuzwa, labda na zaidi. Nilitaka umtoe mle chumbani bila ya mimi kusema, nikakuumiza bure. Nisamehe. Nikasirikie mimi utakavyo, lakini mtoto asilale pale leo.

Jazgul


Ak-Topurak, 29 Machi 2003

Jazgul,

Mto nimeupasua, barua nimeisoma, nimeichoma.

Wale watu walikula mkate wangu. Yule mwenye ndevu alisema kwa kupitia mkalimani, "Ukuta mzuri sana, nyanya." Nikamwongezea siagi. Kumbe wakati huo anaandika.

Sikuamini. Ofisi zina namba nyingi na nyingi ni za uongo. Mgodi ulipokuwa unafanya kazi walituambia vumbi lile ni la dawa, ng'ombe wakilala juu yake wanapona kupe. Sasa mnasema ni sumu. Nimwamini nani?

Begimai nimemhamishia chumba cha wageni. Siyo kwa sababu nimekuamini. Ameniuliza kwa nini. Nimemwambia ukuta umechoka, unataka kupumzika. Akauaga.

Kalbubu


Ak-Topurak, 9 Aprili 2003

Jazgul mwanangu,

Kaa chini kwanza.

Unamjua Satar, aliyekuwa anapima mionzi ya mawe mgodini. Mgodi ulipofungwa alisahau kurudisha kipimo chake, akakisahau ndani ya sanduku chini ya kitanda miaka yote hii. Nilikwenda kwake. Nikamwambia, "Satar, toa kile ulichoiba." Akasema hakuiba kitu. Nikamwambia, "Sikuja kukushitaki, nimekuja kukikodi. Nina kondoo." Akakitoa. Kidude cha chuma, kijani, kina mpini kama pasi ya mkaa. Kikasema tik, tik, polepole, hapo kwake uani.

Kenjekan na wengine wakatuona tunapita, wakatufuata, maana huku mwezi wa nne hakuna kazi. Ikawa kama harusi. "Satar, mpime Kenjekan, tujue kama bado yuko hai." "Mpime mume wangu, nione kama moyo unapiga au ni tumbo." Tukaingia kwa jirani, tik, tik. Tukapita zizini kwangu, tik, tik. Mimi mbele, natamba. Nikafungua mlango wa chumba cha jiko, nikasema, "Haya, na hapa."

Jazgul, kile kitu hakikulia tik. Kililia kama mafuta ya moto ukiyamwagia maji. Satar akakisogeza juu, chini, kulia. Akakipeleka pale chini, usawa wa godoro, penye doa kidogo kwa sababu ya kichwa cha Begimai kuegemea. Hapo ndipo kililia zaidi, kwa sababu hapo niliusiriba mara tatu. Hakuna aliyecheka tena. Satar akakizima. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kalbubu, nani alikuwa analala hapa?" Na yeye anajua.

Kenjekan akageuka akakimbia kwake. Mzee mzima, anakimbia kwenye tope na ndala. Ana wajukuu wanne.

Sasa nami nikwambie langu, maana si wewe peke yako uliyeficha. Begimai amekuwa anatokwa na damu puani. Tangu mwezi wa kumi na mbili. Mara tano, labda sita. Nilimwekea maji baridi kisogoni, nikasema ni hewa kavu ya jiko. Niliandika hana ugonjwa wowote. Niliandika uongo kwa sababu niliogopa utamchukua. Satar anasema damu ya pua huenda haihusiani kabisa na ukuta. Anasema hajui. Nilitaka aseme anajua, lolote lile.

Miaka mitatu, Jazgul. Nimehesabu kwa vidole. Miaka mitatu nimemlaza pale kwa mikono yangu, nimemfunika, nimemsogeza karibu zaidi na ukuta ili apate joto. Kama ningekuwa namchukia nisingeweza kufanya vibaya zaidi.

Zuura anaondoka Ijumaa. Begimai anakuja naye. Nimemwambia anakwenda kutembea kwa Dada Jazgul, siku chache. Hatalia njiani, nimempa vibonge vya maziwa mgando yaliyokaushwa, vya kutosha kumfunga mdomo hadi Bishkek. Nguo zake sikuzifungasha. Zimelala chumba kile. Mnunulie nyingine.

Hapendi kuchanwa nywele upande wa kushoto. Anaogopa choo cha ndani, atadhani kitamvuta. Akiamka akaniita, usimwambie nimelala. Mwambie niko mbali.

Mama yako


Bishkek, 24 Aprili 2003

Mama,

Amefika. Mzima, mchafu, ana kiatu kimoja. Zuura anasema aliimba mpaka mlimani.

Siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili akauliza kesho tunarudi saa ngapi. Siku ya nne akachukua koti lake akakaa mlangoni. Hataki nimlishe. Ananiita Dada, na nikimwogesha anafumba macho kwa aibu, kama anaogeshwa na mgeni. Naomba usihuzunike kwa ninayokuandikia, umeniagiza kila mara niseme kweli.

Tumekwenda kwa daktari. Amemtoa damu, amempima kifua na shingo. Majibu yatachukua wiki kadhaa. Nilimuuliza kama yakiwa mazuri ndiyo basi. Akavua miwani akasema hapana. Mionzi ya namna hii haina haraka, inaweza kukaa kimya miaka kumi, ishirini. Aletwe kila miezi sita mpaka awe mtu mzima, na hata hapo. Nikamuuliza sasa nifanye nini nyumbani. Akasema, "Mlee."

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili. Ndiyo orodha. Niliinakili kwa mkono wakati wa chakula cha mchana, majina yote thelathini na moja. Sijui utaifanyia nini. Najua tu kwamba watoto wa watu wamelala kwenye hizo nyumba na mimi nimekaa na majina yao kwenye droo tangu Januari. Nimemtoa wa kwangu peke yake. Silali kwa hilo.

Jazgul


Ak-Topurak, 18 Mei 2003

Jazgul mwanangu,

Kijana wa tai alirudi juzi, safari hii na mabuti. Alikuja na karatasi ya mwisho. Malori yataanza mwezi wa sita, anataka tena sahihi ya wanawake.

Nikasimama kwenye ukumbi wa shule. Nikasoma orodha yako. Jina kwa jina, polepole, maana mwandiko wako mdogo. Kila jina lililotajwa, mtu aliinuka. Wengine walikuwa wanajua tayari kwa kidude cha Satar. Wengine walisikia hapo. Mke wa mwalimu alikaa chini sakafuni.

Kijana akasema, "Nyanya, umeipata wapi hiyo?"

"Nimeota."

"Nyumba hazimo kwenye mpango wa serikali. Nyinyi wenyewe mlisema ni safi. Sahihi yako ninayo hapa."

"Najua. Mimi ndiye niliyezitoa nyumba. Ilete hiyo karatasi nizirudishe."

Akasema haiwezekani, karatasi imeshapigwa mhuri. Nikamwambia, "Basi na sisi hatutii sahihi hii mpya. Na siku malori yakija, wanawake thelathini na mmoja tutalala barabarani, na mimi nitalala ya kwanza, nina miaka sabini na mbili, sina nilichobakiza. Utamwandikia mkubwa wako kwamba mlituponda mkitusafishia?"

Alikuwa kijana mzuri, nilimwonea huruma. Midomo ilikuwa imemkauka. Alikwenda posta kupiga simu, akakaa huko mpaka ng'ombe wakarudi. Alichopata ni hiki: kuta tutakazobomoa wenyewe na kuzitia kwenye magunia, malori yatazichukua pamoja na lundo. Kupimwa nyumba nyingine, watafikiria. Shule yenyewe ilisiribwa kwa mchanga huohuo mwaka wa themanini na tatu, nilipouliza akatazama dirishani. Hilo bado. Hatujaliacha.

Tumeanza. Satar ametufundisha: unamwagia ukuta maji mpaka uwe tope, unafunga mdomo na pua, ndipo unachokoa. Vumbi lisiruke. Watoto wote wamepelekwa malishoni na mifugo. Wa kwangu niliuchokoa mwenyewe. Sikutaka mtu mwingine aguse. Magunia kumi na sita. Nalala nje kwenye hema la sufu la marehemu baba yenu.

Sasa nisikie vizuri, hapa ndipo pana neno. Usimlete Begimai. Wala kiangazi, wala kwa sikukuu. Najijua. Itafika siku nitashindwa, nitakuandikia mlete, na nitatafuta sababu nzuri. Nitasema ukuta haupo, nitasema naumwa, nitakukumbusha mila, nitakutukana. Siku hiyo usinitii. Umenitii miaka saba kwa kila kitu, hata chai unaninywesha ukiwa umeinama. Hii ni amri ya mama mkwe wako: usinitii.

Kalbubu


Ak-Topurak, 20 Juni 2003

Jazgul,

Malori yamekuja, yameanza kuchukua. Mlima umetulia. Chumba cha jiko sasa ni mawe matupu, nimekipaka chokaa ya dukani. Satar amepima, anasema sauti imepungua sana. Imebaki kidogo tu, chini sakafuni.

Nina kikohozi. Si kikubwa. Ni vumbi la kazi ile, nililegeza kitambaa kwa sababu ya joto. Muuguzi anataka niende hospitali ya wilaya, sitaki.

Mlete Begimai. Wiki moja. Atalala na mimi hemani, hataingia ndani, nakuapia kwa jina la Mungu. Ile barua ya mwezi wa tano niliandika nikiwa na hasira za mkutano. Sikuwa na akili yangu. Mtoto asipoona uso wangu kiangazi hiki atausahau, wana akili fupi wa umri huo. Ni mtoto wangu. Ulinipa mbele ya watu.

Zuura atakuwa stendi Jumatano.

Mama yenu


Bishkek, 24 Juni 2003

Mama,

Barua yako nimeilalia na kuamka nayo. Jibu nililiandika kwanza kwenye karatasi nyingine, mara tatu, kwa sababu mkono wangu haujawahi kukuandikia neno hilo.

Majibu ya damu yametoka. Safari hii ni mazuri. Tunarudi kwa daktari mwezi wa kumi na mbili.

Kuhusu orodha, walijua ni mimi. Nimeachishwa kazi tangu wiki iliyopita, hawakunishitaki. Kwa hiyo nina nafasi. Begimai nimemwachia dada yangu. Mimi ninakuja, barua hii ataileta Zuura kwa basi la mbele na mimi nitafuata na la kesho yake. Nitakupeleka hospitali ya wilaya, na ukikataa nitakubeba. Kisha nitabaki. Kuna sakafu bado ya kusafisha, na kuna shule.

Begimai anauliza habari zako kila asubuhi. Namwambia uko mbali.

Hapana, Mama. Sitamleta.

Jazgul